Kocha wa Mama Yake

Nyakuron, Juba
11 Februari 2007

Kwako mwanangu Chol,

Salamu za mama yako. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni wewe tu. Barua yako kondakta wa basi la Kampala aliileta mpaka mlangoni, imelowa jasho lake, nikaisoma pole pole kwa sababu unajua mama yako alifika lile darasa la kanisa tu, na macho ya siku hizi si yale ya tulipokuwa wakimbizi Kitale. Nikarudia. Nikasema, heh, mtoto huyu amekuwa mtu wa maneno makubwa.

Umesema biashara ni kama mazoezi ya mwili, nipashe misuli moto kila asubuhi kabla ya kazi. Sasa baba, mimi nilifanya. Kesho yake kabla jua halijatoka vizuri nilifunga leso kiunoni nikakimbia kutoka nyumbani mpaka kituo cha utamaduni na kurudi. Watoto wakanifuata wakiimba, "Mama Chol ameiba nini? Mama Chol ameiba nini?" Jirani akatoka na mwiko mkononi akaniuliza vita vimerudi kutoka upande gani, akimbilie wapi na watoto. Nikamwambia hapana, ni mwanangu wa Nairobi amesema. Akanitazama, akafunga mlango.

Teresa alicheka mpaka akakaa chini. Teresa ni yule mjane aliyerudi kutoka Uganda, tunapika naye pale Buluk chini ya rakuba yetu, ni kibanda tu cha miti na turubai. Yeye anapika kudra, ile mboga ya majani na karanga, mimi nasonga asida, ugali wa huku, na kuchemsha chai. Akasema, "Adeng, mtoto yako anataka wewe uende Olimpiki? Na mguu hiyo?" Usimsikilize, mguu wangu hauna kitu.

Basi kama ulimaanisha kitu kingine niambie, mama yako anaelewa akielezwa. Ulisema siku nitakayopata kazi ya kulisha wale wafanyakazi wa barabara ya lami, siku hiyo utakuja. Nimeishika hiyo. Tangu nirudi hujakanyaga Juba. Kitanda chako nimekitandika, hata mgeni akija simpi. Unajua jina lako lilivyo, Chol ni mtoto anayezaliwa baada ya mwenzake kufa, na wewe ulikuja baada ya wawili, kwa hiyo usinikasirikie nikikuuliza unakula nini.

Unakula nini?

Simu usipige, ikikatika katikati nabaki nikidhani umegongwa na gari. Andika.

Mama yako,
Adeng


Nairobi
9 Machi 2007

Mama,

Nimesoma. Sikucheka. Sikukwambia ukimbie barabarani na leso, nilikwambia uendeshe kazi yako kama mtu anayefanya mazoezi ili ashinde. Naeleza mara moja tu, usiniaibishe tena.

Hapa jimu nafundisha wakurugenzi wa makampuni. Wakija wana vitambi na wana visingizio. Ninawaambia yale yale ninayokwambia wewe. Mtu hanyanyui chuma kizito siku ya kwanza, anaongeza kidogo kila juma, na akiongeza harudi nyuma. Wewe ongeza benchi, likijaa ongeza sufuria. Misuli isiyouma haikui, kwa hiyo ukichoka usikae, hapo ndipo kazi inapoanza. Mkimbiaji hatazami aliyemwacha nyuma, anatazama mstari wa kumalizia. Mstari wako ni wafanyakazi wa barabara.

Halafu kuna mafuta. Mwili wenye mafuta haukimbii. Umeandika wewe mwenyewe mara ngapi kwamba ni wewe unayewasha moto alfajiri, na huyo Teresa anafika jua likiwa juu, halafu jioni mnagawana sawa? Hayo ni mafuta, Mama. Yanaongea na kucheka lakini ni mafuta.

Usiniandikie habari za kitanda. Kitanda ni cha baada ya ushindi. Niandikie maendeleo.

Nakula vizuri.

Chol


Nyakuron, Juba
3 Juni 2007

Mwanangu kocha wangu,

Sasa nimekuelewa, tena vizuri. Nilielewa siku ya maji. Zamani nilikuwa nachota mtungi mmoja tu naona kifua kinapasuka, nikawa naongeza kidogo, leo nusu ya mtungi wa pili, kesho umejaa, na juzi nimebeba wa kichwani na wa mkononi nikafika nikiwa naimba. Nikasema, kumbe ndiyo hii! Nikaongeza benchi. Likajaa. Nikaongeza la pili kwa mbao za mwenye duka jirani, nalo limejaa, wengine wanakula wamechuchumaa. Ungeniona ungefurahi, hata wewe.

Na mgeni amekuja. Anaitwa Gaetano, ndiye anayepanga mambo ya wafanyakazi katika ile kampuni ya barabara. Mtu mfupi, mpole, anakula bila kusema. Alipomaliza akauliza, "Kudra hii ya nani?" Nikasema ya Teresa. Akaomba nyingine. Akasema watu wake wanakula biskuti na soda mchana, wanaanguka juani, anatafuta mahali pamoja na mtu mmoja wa kuongea naye.

Sasa mwanangu, hili la mafuta. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Teresa anachelewa kwa sababu mama yake hatoki kitandani, lazima amwoshe kwanza, hana dada. Lakini akifika anafanya kazi ya watu wawili. Nikajiuliza, mtu akitaka kukimbia anakata mkono ili awe mwepesi? Mimi sijui, wewe ndiye unayejua. Na lile goti lako la Iten, ulipokuwa mkimbiaji, mwanangu, si kocha alikwambia linauma kwa sababu linakua, endelea tu? Ungelipumzisha, ungekuwa bado unakimbia leo. Nawaza tu, usikasirike.

Teresa anakusalimu. Anasema, "Mwambie kocha mimi iko tayari kwa Olimpiki, anitumie viatu."

Umenenepa au umekonda? Tuma picha.

Mama yako,
Adeng


Nairobi
30 Juni 2007

Mama,

Goti langu usilitaje tena. Maishani mwako hukuwahi kuingia kwenye mashindano yoyote, kwa hiyo huwezi kujua linalonihusu.

Gaetano anataka mtu mmoja. Wewe unampelekea wawili na mgonjwa kitandani. Chagua. Ama ubaki na Teresa mcheke pamoja mpaka mzeeke, ama umtoe mimi nije. Na ukimtoa fanya haraka, maumivu yakicheleweshwa yanageuka jeraha.

Picha sina.

Chol


Nyakuron, Juba
16 Septemba 2007

Mwanangu Chol,

Kalas. Nimemaliza.

Nilifanya kama ulivyosema. Lakini kwanza nilikaa karibu naye nikiangalia mkono wake, maana kudra yake ndiyo Gaetano anaipenda, bila hiyo ningempa nini? Nikaona kwamba magadi anaweka kabla ya majani, si baada, na karanga anazisaga tena na chumvi baada ya kuzikaanga. Yeye mwenyewe alinisogezea kigoda. Akasema, "Adeng, kaa upande hii, moshi isikuumize." Nikakaa upande huo, nikaangalia.

Nilikuwa nimepanga kumwambia kando, tukiwa wawili. Lakini wewe ulisema haraka, basi nikasema pale pale wateja wakiwa na vidole kwenye sahani. "Teresa, kesho usije."

Akasema, "Kesho ni sikukuu ya nani?"

Watu wakacheka. Nikasema, "Usije kabisa. Mwanangu anasema tuko wengi."

"Tuko wawili."

"Ndiyo wengi."

Akanawa mikono. Akachukua mwiko wake, sufuria yake akaiacha kwa kuwa ilikuwa motoni na imejaa. Akasema, "Adeng, ile usiku mguu yako ilitoa usaha, nani alikanda?" Nikawa nampakulia mteja. Halafu akaniambia, "Sufuria ikipoa niletee," akaenda. Mteja akasema, mama, asida inamwagika. Nilikuwa nimempakulia mara mbili juu ya sahani moja.

Sufuria sijampelekea. Niliona haya kwenda.

Gaetano amekuja, amekula, hakujua kama mpishi amebadilika. Ametupa kazi. Akauliza karatasi iandikwe jina la nani. Nikamwambia la Chol, mwanangu, ndiye mwenye kazi, mimi namshikia tu. Akashangaa kidogo, akasema, "Lakini mama, anayepika ni wewe." Nikamwambia kwetu mjane hasemi nyumba ni yake, nyumba ni ya mwanawe. Nilisema nikiwa nimesimama wima. Jina lako liko pale na muhuri juu yake, mwanangu. Lilikuwa zuri sana kuliangalia.

Mguu usijali, ilikuwa kitu kidogo.

Sasa njoo. Mstari nimeufikia. Krismasi itakukuta hapa. Nimeshaweka neno kwa mwenye mbuzi.

Mama yako,
Adeng


Nairobi
2 Desemba 2007

Mama,

Hongera. Umefanya vizuri kuliko nilivyotarajia, hasa jina.

Lakini Krismasi siji. Jimu inajaa mwezi wa kumi na mbili. Na sikiliza, mwanafunzi wangu akifikia lengo simpi kiti, namsogezea mstari mbele wakati damu bado ina moto. Wewe bado uko chini ya turubai. Mvua ikinyesha wafanyakazi watakula wapi? Nitakuja kwenye jengo, siji kwenye kibanda. Matofali, bati, geti. Uwezo sasa unao.

Mbuzi mpe mwingine.

Chol


Nyakuron, Juba
24 Machi 2008

Mwanangu,

Barua yako ya Desemba ilifika Januari. Mimi sikujua. Siku ya mkesha nilikwenda stendi ya mabasi nikiwa nimevaa lile gauni la kijani, nikakaa pale kuangalia kila anayeshuka. Kulikuwa na mmoja mrefu kama wewe, nikamkimbilia nikamshika mkono. Akasema, "Mama, malesh, samahani, mimi si wako." Kijana mwenye adabu. Mbuzi wafanyakazi walimla, wakaniimbia.

Haidhuru. Jengo limesimama. Matofali mengine nilibeba mwenyewe kwa sababu fundi alikuwa mvivu, na kila nikichoka nilikuwa nasema kwa sauti yako, "Hapo ndipo kazi inapoanza." Fundi akadhani naongea na mashetani. Bati ziko juu, zinang'aa mpaka macho yanauma. Geti ni la bluu. Meza ndefu, na wafanyakazi wanakula kwa zamu.

Mwezi uliopita niliteleza, nikalala kidogo nyumbani, sasa niko sawa. Nilipokuwa nimelala nikakumbuka mama yake Teresa. Nikasikia alikufa wakati wa mvua ndogo, walimzika bila mimi kujua, na mimi nilikuwa nikimpelekea uji kila Jumapili zamani. Nilikutana na Teresa sokoni Konyo Konyo, nikasema pole. Akamwambia muuza nyanya, "Huyu mama anaongea na nani?"

Chol, mwanangu, sasa hakuna mstari mwingine. Ukiweka mwingine mama yako ataufikia, lakini sijui kama ataufikia akiwa amesimama.

Mama yako,
Adeng


Nairobi
15 Aprili 2008

Mama,

Nakuja mwezi ujao. Jimu nimeachana nao, ni watu wasiojua thamani ya mtu, na hata hilo sitaki kuulizwa nikifika.

Hakikisha kwamba ile karatasi ya kampuni ina jina langu peke yake. Na kiwanja pia kiandikwe hivyo kabla sijafika, Gaetano akusaidie. Usiite majirani. Sitaki vigelegele stendi. Nataka kuingia kama mwenye mali.

Chol


Atlabara, Juba
7 Septemba 2008

Kwa Chol mtoto ya Adeng,

Mimi Teresa, yule mafuta. Mama yako ameniambia yote, sasa usijifanye hujui. Kiswahili yangu ni ya Arua, wewe soma tu.

Unaweza kuwa unatafuta mama yako. Najua hutafuti, lakini nasema unaweza. Iko kwangu. Alikuja Jumamosi na mkoba moja na sufuria yangu kichwani, ile ya mwaka jana, ameisugua mpaka inaonyesha uso. Alisimama nje akasema, "Teresa, nimeleta sufuria." Mimi nilicheka kwanza. Nilicheka vizuri, nilikuwa nimeiweka hiyo kicheko siku nyingi. Nikamwambia, "Adeng, sasa mafuta ni nani?" Akasema ni yeye. Hapo kicheko ikaisha.

Anasema wewe umemwambia apumzike, kwamba mazoezi bila kupumzika ni hatari. Anasema hiyo kama maneno ya padri. Lakini mtu wa kupumzika anafungiwa geti? Anasema ulileta wanawake wadogo wa kupika na nguo ya rangi moja, na yeye ukasema anaharibu sura ya mahali na mguu yake inanuka. Hiyo hakuniambia yeye, nilisikia kwa hao wanawake. Yeye aliniambia ile ya sherehe ya kufungua jengo. Wakubwa wa kampuni walikuja, khawaja mmoja, mzungu, akauliza huyu mama ni nani, na wewe ukasema, "Ni mpishi wetu wa zamani." Gaetano alikuwa pale anatazama viatu yake. Mama yako akainama akasalimu kama mpishi. Ananiambia hii na anakutetea! "Alikuwa na haya ya wageni, Teresa, ni kijana."

Mimi si mtu mzuri. Kila asubuhi namkumbusha kidogo. Nimempa kuosha vyombo kwa rakuba yangu mpya hapa Atlabara, hajagusa kudra yangu. Na mguu yake nakanda mimi, kama zamani, sijui kwa nini, labda mkono imezoea.

Tuma nguo zake na ile kitanda ameweka kwa ajili yako mwaka mbili. Wewe sasa una ya chuma, nimesikia.

Teresa


Buluk, Juba
18 Januari 2009

Mama,

Nimeona afadhali niandike, kwa kuwa yule mwanamke nikija ataita watu.

Sikukufukuza. Kila timu hufika mahali inampumzisha mchezaji aliyechoka. Ungekaa Nyakuron kimya ningekuja kukuona. Ulichagua kwenda kuosha sahani kwa watu ili nisemwe.

Sasa kuna jambo. Hawa wasichana hawawezi. Asida inatoka na madonge, kudra inateleza kama kamasi, nilimsimamia mmoja na saa mkononi akaniachia mwiko akaondoka. Mimi mwanamume siwezi kuingia jikoni kuonja sufuria, unajua watu wetu wangenisema nini. Wafanyakazi wameanza kuniita "kocha wa njaa". Gaetano amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Nakupa nafasi. Rudi kwa majaribio, tuone kama mguu unaruhusu. Upite mlango wa nyuma asubuhi, wakati wa chakula ukae ndani, usitokee mezani. Na ukimleta Teresa alete maarifa yake tu, mdomo auache Atlabara.

Jibu haraka.

Chol


Atlabara, Juba
1 Februari 2009

Chol,

Barua yako nilisomewa na Teresa, macho yangu yalikuwa na moshi. Alisoma mara moja bila kucheka, mpaka nikaogopa. Halafu akaniambia, "Nenda kama unataka, Adeng. Hiyo ni damu yako." Nilikaa na hiyo barua mapajani mpaka maji ya vyombo yakapoa.

Nilikuwa nije. Nakwambia ukweli ili usije ukadhani mama yako ana moyo wa mawe. Nilifunga mkoba. Niliwaza, nitapita mlango wa nyuma, kuna ubaya gani, mimi nimepita milango mingi ya nyuma nikikubeba mgongoni, na huko jikoni nitasikia sauti yako ikitoka upande wa pili wa ukuta, inatosha. Nilikuwa nimevaa viatu.

Ndipo Gaetano akaja. Alhamisi, saa ya chakula, wanafunzi wa chuo wamejaa. Alikula kama anavyokula, kimya. Alipomaliza akaniita, akasema, "Mama, nataka kukuuliza, uniambie tu. Wewe ulinipa jina la yule kijana ukasema ni mwanao. Yeye akasema mbele ya wakubwa wangu kwamba wewe ni mpishi. Mimi nimechoka naye. Lakini kama ni mwanao, nitamwongezea muda, nitasimama kwa ajili yake, kwa heshima yako. Nimwamini nani?"

Teresa alikuwa na mwiko juu, hakuushusha.

Wewe hujui neno "ndiyo" lilivyo dogo. Lilikuwa pale mbele ya meno. Ningelisema ungekuwa na kazi yako leo. Nikakuona ulivyosimama siku ile na shati jeupe, ukasema mpishi wetu wa zamani, na hukusita. Nilikutazama usoni kutafuta mahali uliposita. Nimekutazama tangu hujaota meno, ningepaona.

Nikamwambia Gaetano, "Mwamini yeye. Mwenye kazi ni yeye, na amesema mimi ni mpishi."

Akainamisha kichwa. Akalipa, akaenda. Kesho Jumatatu watu wake wanaanza kula hapa, na katika karatasi mpya aliyotuletea jina lililoandikwa ni la Teresa. Nimemwambia alisome mara mbili kabla ya kuweka sahihi.

Teresa alinisubiri nilie, alileta hata kitambaa. Sikulia. Nikaingia nikakoroga kudra, na mara hii hakunifukuza. Usiku tu ndipo nilipoanza kutetemeka, kama mtu aliyekimbia mbali akasimama ghafla. Sikukufanyia hayo kwa hasira, mwanangu. Hasira ningeijua. Sijui nilikufanyia kwa nini, na naogopa kwamba nikikuona nitatamani kurudisha neno na halirudi.

Wasichana wako sasa hawana wa kumpikia, wataondoka. Wewe hujui kupika na hutaomba kwa jirani, kwetu mwanamume mzima hafi kwa njaa, anakufa kwa kuificha. Kwa hiyo nasema mimi. Chakula hapa ni saa saba. Hatuna mlango wa nyuma, ni rakuba tu, pande zote wazi. Utasimama kwenye foleni na watu wa barabara, wale wanaokuita kocha wa njaa, na sahani yako mkononi. Pesa yako sitaki. Nitakujazia, nitaweka na nyama ya chini ya sufuria.

Lakini mimi sitakuita mwanangu mbele ya watu. Nimeshakuita hivyo sana peke yangu. Ukifika kwenye sufuria utaniita wewe, kwa sauti, Teresa akisikia, na foleni nzima ikisikia. Usipoita nitakupakulia kama mteja na nitamwangalia anayefuata.

Adeng